Bakapu iliyolala miezi saba: uzoefu wangu

Kioo cha simu yangu kilipoanza kuchora mistari, nilisema kabla sijaipeleka kwa fundi nihakikishe kwanza picha ziko salama. Nikaingia kwenye mipangilio, nikashuka hadi kwenye tarehe ya nakala ya mwisho, nikaisoma mara mbili. Ilikuwa ya miezi saba nyuma. Muda wote huo kitufe cha bakapu, yaani cha kuhifadhi nakala mtandaoni, kilikuwa kimewashwa, na malipo ya kifurushi cha GB 200 yalikatwa kila mwezi bila kuchelewa hata siku moja.

Jina la huduma yenyewe silitaji. Ikifanya kazi inajisifu, ikigoma inanyamaza. Ujumbe pekee niliopata, tena baada ya kubonyeza mwenyewe, ulikuwa: imeshindikana, jaribu tena baadaye. Baadaye lini, haikusema.

Kila niliyemuuliza aliniambia nafasi imejaa. Kule mtandaoni nilikuwa nimetumia GB 88 tu. Iliyojaa ilikuwa simu, imebakiwa na chini ya GB 1, na zipo programu zinazoandaa nakala ndani ya simu kwanza ndipo ziipandishe. WhatsApp kwenye Android ni mojawapo. Nikaanza kufuta. Nusura nizifagie picha za zamani kwa imani kwamba zipo mtandaoni, nikakumbuka kwamba picha zilizosawazishwa ukizifuta kwenye simu zinafutika na kule: zinakaa kwenye pipa la taka kwa muda, kisha basi. Nikahamia kwenye video za kuchekesha za magrupu. Hizo hazina mwenyewe.

Nafasi ikapatikana, bakapu ikaendelea kulala. Ndipo nikaketi kuyasoma masharti yake. Ili ijiendeshe yenyewe, inangoja mambo matatu kwa pamoja: simu iwe kwenye chaji, iwe kwenye waifai, na kioo kiwe kimezimwa, hakuna anayeigusa. Ni kazi ya panya hii, ukiwasha taa humwoni. Sasa mimi huchaji mchana kazini, ambako sina waifai. Usiku waifai ipo, lakini simu iko kando ya mto haina waya, na kiokoa betri kimewashwa, nacho kinazibana programu zinazofanya kazi chinichini. Miezi saba, masharti yale matatu hayakuwahi kukutana.

Na waifai yenyewe ilikuwa na lake. Nyumbani natumia hotspoti ya simu nyingine, na simu ya Android ikiona hotspoti ya Android mwenzake huichukulia kuwa mtandao unaopimwa, yaani wa bando, ikajizuia kupandisha mizigo mikubwa isije ikakumalizia data. Nia njema, sikatai. Nilibonyeza jina la mtandao, nikabadilisha uwe usiopimwa, nikachomeka chaji, nikazima kiokoa betri, nikalala.

Asubuhi nikakuta asilimia 61. Usiku wa pili, 61. Wa tatu, 61.

Huduma kwa wateja walinijibu kwa adabu nyingi: ondoka kwenye akaunti uingie tena, futa kache (mafaili ya muda ya programu), zima simu uwashe. Nilifanya yote. Jambo moja la kuangalia hapo: kufuta kache hakuna madhara, lakini kitufe kilicho jirani yake, cha kufuta data ya programu, ni habari nyingine kabisa. Kidole kisiteleze.

Kilichonisaidia ni kuzima folda zote kisha kuwasha moja moja. Picha za skrini zikapita. Za WhatsApp zikapita. Nilipofika folda ya kamera, ikakwama palepale. Nikapanga mafaili kwa ukubwa na mwizi akaonekana juu kabisa: video ya GB 6 ya mwanangu akiimba shuleni, dakika 46, nusu yake ikionyesha kisogo cha mzazi aliyekaa mbele yangu. Kasi yangu ya kupandisha ni megabiti 2 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo GB 6 ni megabiti 48,000, na hizo zinataka sekunde 24,000, yaani saa 6 na dakika 40 bila kukatika. Hotspoti yangu haijawahi kukaa muda huo bila kukatika. Na huduma hii ikikatika haiendelei ilipoishia. Inarudi mwanzo wa faili, na mafaili mengine yote yanasubiri kwenye foleni. Hapa ndipo ninapoilaumu hasa.

Nikaamua video iende kwenye flashi. Flashi ya GB 32, karibu tupu, ikakataa: faili ni kubwa mno. Ilikuwa imefomatiwa kwa FAT32, mfumo usiopokea faili moja linalofika GB 4 hata nafasi iwe tele. Nilitoa vilivyokuwemo, nikaifomati upya kwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, ikameza. Folda ya kamera ikamaliza usiku uleule, na tarehe ya nakala ya mwisho ikasoma leo.

Zamani ningeishia hapo. Safari hii nilichukua simu yangu ya zamani, nikaingia kwenye akaunti, nikarejesha. Namba za watu zikaja. Picha zikaja, polepole lakini kwa mpangilio wake wa tarehe, na hilo naipongeza huduma hii. Nikafungua folda ya rekodi za sauti, ambamo nina dakika 11 za marehemu mama akinielekeza jinsi ya kushona lapeli ya koti, katikati akimfokea kuku aliyeingia ndani. Folda ilikuwa tupu. Haikuwa kwenye orodha ya vinavyohifadhiwa. Unatakiwa uiongeze mwenyewe, ukurasa wa tatu ndani ya mipangilio, chini kabisa.

Niliiongeza, nikarejesha tena, nikamsikia akimfukuza kuku.

Nyota tatu kati ya tano. Nyota mbili nimezikata kwa ule ukimya wa miezi saba na kwa kuanza faili upya. Sijahama, ila video ndefu sasa zinakwenda kwenye flashi. Kwa fundi nilipewa karatasi yenye maandishi madogo kwamba data za mteja hazina dhamana. Nilitia sahihi hata sijaimaliza kuisoma.