Mwezeshaji wa michezo ya timu, nusu siku Msitu wa Karura: uzoefu wangu

Tulilipia nusu siku: mwezeshaji na msaidizi wake, vifaa vyao, michezo minne kwa watu 32, kisha mkutano wa kupanga kazi za mwaka. Jina la kampuni silitaji, maana hapa Nairobi nyingi zinauza kifurushi hichohicho na kasoro zake ni zilezile. Naipa nyota tatu kati ya tano. Michezo ni mizuri, uendeshaji ndio ulipwaya.

Mnara wa spageti pekee ulistahili hela. Mchezo huu ulibuniwa na Peter Skillman, kisha Tom Wujec akaueneza kwa hotuba yake kwenye TED, jukwaa la hotuba fupi, mwaka 2010. Kikundi cha watu 4 hupewa vijiti 20 vya spageti, selotepu sentimita 90, uzi sentimita 90 na mashimelo moja (peremende laini kama sifongo). Wana dakika 18 za kujenga mnara unaosimama wenyewe, mashimelo ikiwa kileleni. Wengi hupanga na kujenga karibu muda wote, mashimelo wanaipachika dakika ya mwisho, na mnara unajikunja papo hapo: kitu kinachoonekana chepesi mkononi ni mzigo kwa spageti ndefu isiyo na mihimili. Wanaofaulu huijaribu mapema juu ya mnara mfupi, wakaona unapolegea, wakaimarisha hapo, ndipo wakapandisha. Wujec anaeleza kuwa watoto wa chekechea hufanya hivyo na kuwapita wahitimu wapya wa shule za biashara. Hilo lisemwe baada ya mchezo. Mwezeshaji wetu alilitangulizia, utamu ukaisha.

Selotepu nayo ilikuwa roli moja ya kuzungushwa bila kupimwa, hivyo vikundi viwili vilifungia mnara mzima kama mgonjwa aliyevunjika mguu. Ikatwe mapema na ibandikwe ukingoni mwa meza, kila kikundi na kipande chake. Na meza ni lazima. Kwenye nyasi mguu wa mnara haupati pa kushika. Nunua spageti nene, si tambi.

Mchezo wa ufito uliharibiwa na kifaa. Watu 8 hadi 10 husimama mistari miwili wakitazamana, kila mmoja akinyoosha vidole vya shahada, ufito ukalala juu ya vidole. Kazi ni kuuteremsha hadi chini bila kidole chochote kuachana nao. Badala ya kushuka, ufito hupanda, kwa sababu kila mtu akiogopa kuachana nao anausukuma juu kidogo, na visukumo hivyo vikijumlishwa vinashinda uzito wake. Kwa hiyo lazima uwe mwepesi sana: mwanzi mkavu au fito za hema. Tuliletewa bomba la chuma. Likashuka moja kwa moja, tukapiga makofi, hakuna aliyejifunza kitu.

Fundo la mikono lifanywe na watu 8 hadi 12, kila mmoja akishika mikono ya watu wawili tofauti ambao hawajasimama kando yake, kisha wajifungue hadi wawe duara bila kuachana mikono. Sisi tuligawanywa 16 kwa 16, na kwa idadi hiyo walio katikati hawana hata pa kupitishia goti. Halafu kuna mafundo yasiyofunguka kabisa, na mengine huishia duara mbili. Mwezeshaji anayejua kazi huruhusu mikono miwili iachane mara moja, mchezo uendelee. Kwa wenzetu wasiopenda kushikana mikono na jinsia nyingine, gawa vipande vya kamba au leso vya sentimita 60. Kila mmoja ashike ncha. Hili nililiomba mapema na walilitimiza vizuri, pongezi kwao.

Kweli mbili na uongo mmoja, ambapo kila mtu hutaja mambo matatu kumhusu na wengine hukisia lipi ni la uongo: sawa, lakini katika vikundi vya watano. Duara la watu 32, dakika mbili kila mtu, ni zaidi ya saa nzima ya kusikiliza.

Lililoniudhi zaidi ni kwamba filimbi ikilia tulihamishwa moja kwa moja kwenye mchezo mwingine. Dakika 10 za kuulizana nani alisikilizwa na nani alinyamazishwa ndizo unazolipia. Spageti utaipata dukani.

Pia, waliahidi maji ya chupa. Plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku misituni na mbugani tangu Juni 2020, kwa hiyo katoni zilibaki langoni. Ukienda, waambie watu wako wabebe chupa zao za kujaza, na kama ni Aprili, hema liandikwe kwenye mkataba.