Mzee wa Kisutu na swali lake la kwanza: uzoefu wangu wa kutafuta mshipi wa nzi Dar

Nimevua kwa mshipi wa mkono tangu utotoni, kwenye ngalawa ya babu mzaa mama pale Kunduchi. Kuvua kwa nzi wa bandia nilikuja kujifunza ukubwani, tena mbali na bahari: Mufindi, nilikopelekwa kikazi kwa miaka miwili. Kule kwenye mashamba ya chai kuna maji ya baridi yenye trauti, samaki walioletwa enzi za ukoloni, na jirani yangu mmoja ndiye aliyenishika mkono mpaka nikajua kurusha.

Kwa ambaye hajawahi kuuona uvuvi huu: nzi ni ndoana ndogo iliyoviringishiwa unyoya, nywele na uzi mpaka ikafanana na mdudu au dagaa. Haina uzito wa maana. Kwenye mshipi wetu tuliouzoea, chubwi ndiyo inayouvuta uzi kwenda mbali. Huku mshipi wenyewe ndio mzito, unaurusha huo, na nzi anafuata nyuma. Kwa hiyo mshipi ukiwa mbovu hakuna uvuvi, hata fimbo iwe nzuri namna gani. Uzito wa mishipi hiyo unapimwa kwa namba, namba kubwa ndio mzito zaidi. Trauti wa Mufindi wanatosheka na namba 5, lakini kwa kolekole wa baharini, na upepo wa pwani, unahitaji namba 8 au 9.

Niliporudi Dar nilibahatika kununua fimbo ya mshipi namba 9 pamoja na rili yake, gurudumu la kuzungushia mshipi, kwa mtu aliyekuwa anauza vitu vyake ahame. Fimbo nzima, rili nzima, mshipi umepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi. Nikasema mshipi tu ndio umebaki, kazi ndogo. Ilinichukua miezi mitano.

Nilianzia Kariakoo, kama kila mtu. Niseme kwa haki: kama unataka nyavu, maboya, kamba, nailoni ya kilo au ndoana kwa boksi, Kariakoo inakutosha na bei unapatana. Babu yangu alinunua huko maisha yake yote. Ila nilipotaja mshipi wa nzi, kijana wa dukani akanitolea nailoni ya kijani na kuniambia, "Bosi wangu, mshipi ni mshipi." Hakuwa na nia mbaya, ndicho alichonacho. Nilinunua pia fimbo ya kukunjuka kwa 45,000 ili nisikae bure wakati natafuta. Wiki ya tatu vipete vyake, zile pete za kupitishia mshipi, vilikuwa na kutu na rili imekwama. Kifaa kisichotengenezwa kwa chumvi hakidumu kwenye chumvi, na aliyeniuzia hakuniuliza nakwenda kuvua baharini au mtoni.

Nikaagiza nje kwa simu. Duka kubwa la mtandaoni, picha safi, nyota nyingi, mshipi namba 9 na nzi kumi na wawili. Baada ya siku 38 nikaitwa kwenda kuchukua mzigo. Nikalipa ushuru, nikalipa VAT asilimia 18 juu yake, nikalipa na siku ambazo mzigo ulikaa stoo kabla sijaambiwa kuwa umefika. Jumla ilivuka 340,000. Nikafungua boksi. Kwenye pakiti ya nzi imeandikwa kwamba wamefungwa Kenya. Sikushangaa sana, maana Kenya ina mafundi wa siku nyingi wanaofunga nzi kwa mkono kwa ajili ya soko la Ulaya na Marekani. Lakini iliniuma. Nzi wametoka kwa jirani zetu, wakapanda ndege hadi Ulaya, wakarudi Dar kwa bei mara nne, kwa sababu hapa hakuna duka la kuwapokea.

Mshipi nao ulinishinda. Asubuhi ya kwanza uliruka vizuri. Jua lilipopanda kidogo tu ukalegea kama tambi zilizoiva, ukawa unanata kwenye vipete, nzi anaangukia miguuni pangu. Nikadhani mkono wangu umesahau kazi. Wiki mbili nzima nilijilaumu.

Aliyenielekeza Kisutu ni nahodha mmoja pale Feri anayebeba wageni kwenda kurambaza. Aliniambia kuna mzee katikati ya mji, duka lenye mlango wa bluu kwenye jengo la zamani la ghorofa mbili, alikuwa akiuza vifaa vya uvuvi vya kila aina. "Sijui kama bado yupo," akasema.

Yupo. Duka ni dogo, giza kidogo, na nusu ya mbele ni makufuli, brashi za rangi na miavuli. Nyuma ndiko kuna uvuvi. Nilimwamkia, akaitika, "Marahaba mwanangu," kisha kabla sijasema nataka nini akauliza, "Utavulia wapi? Maji yakijaa au yakitoka?"

Miezi mitano, na hilo ndilo swali nililokuwa silijui kwamba nalihitaji. Nikamweleza: ng'ambo ya Kigamboni, kwenye miamba, maji yakianza kujaa. Akataka kuiona rili. Sikuwa nayo. Akakataa kuniuzia chochote mpaka niilete, na safari ya kwenda Mbagala na kurudi ilinila saa tatu. Niliporudi akauvuta ule mshipi wangu mpya kwa vidole viwili, kama fundi cherehani anayepima kitambaa, akaniambia hauna kasoro ila umetengenezwa kwa nchi za baridi. Ngozi yake imefanywa laini ili isikakamae kwenye maji ya barafu. Ukiuleta kwenye joto la Dar unalainika kupita kiasi. Iko mishipi ya nchi za joto, yenye uzi wa ndani mgumu zaidi, na yeye alikuwa nayo miwili: namba 8 mmoja, namba 9 mmoja.

Akanitajia 210,000. Nilipatana, hakushuka hata senti. Lakini sikilizeni kilichomo ndani ya hiyo bei. Alitoa ule mshipi uliokuwamo wote, akaosha rili kwa maji baridi na mswaki, akatia mafuta, akaweka uzi wa akiba chini mita 200 kwa sababu kolekole akishikwa hasimami, akaunganisha mshipi na uzi wa mbele, ule mwembamba anaofungwa nzi, kwa fundo linalofungwa kwa kutumia msumari, akalivuta fundo kwa nguvu mbele yangu ili nilione halitoki. Akanifundisha nilifunge mwenyewe mara tatu. Kisha akavuta droo na kunipa nzi wawili aliowafunga yeye, wa manyoya meupe ya mbuzi na macho ya risasi, kwa mtindo wa Clouser, nzi aliyebuniwa Marekani miaka ya 1980 na siku hizi anatumika karibu kila bahari. Hao hakuwatoza. Na akaniuliza kama najua kwamba Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi ya bahari tangu 1975, nisije nikarusha mshipi huko. Yote haya yalichukua zaidi ya saa moja, na katikati aliwauzia watu wawili makufuli.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa Kigamboni kabla ya jua. Ilikuwa maleleji, kusi imelala na kaskazi haijaanza, bahari shwari. Mshipi ulikwenda. Sina namna nyingine ya kulisema: ulikwenda, ukanyooka, nzi akatua mbele ya mwamba pale nilipokuwa nimemtazamia. Saa moja na nusu hivi nikampata kolekole, kama kilo mbili, alinivuta mpaka ule uzi wa akiba ukaonekana. Fundo la msumari likapita kwenye vipete bila kukwama. Nimeutumia mshipi huo miezi saba sasa, naosha kila nikirudi kama nilivyoagizwa, na haujapasuka.

Nimerudi dukani mara nyingi tangu hapo, na kila nikienda kuna kitu kimepungua. Fimbo zilikuwa nne, sasa ni mbili. Chini ya kaunta mzee ana katalogi ya zamani ya Hardy, kampuni ya vifaa vya uvuvi iliyoanzishwa Alnwick, Uingereza, mwaka 1872, na ananieleza jinsi alivyokuwa akiagiza kwa barua na kusubiri meli. Wateja wake walikuwa wataalamu wa kigeni, mabaharia, madaktari wa mjini, na vijana wa Msasani waliokuwa wakiwapeleka wageni baharini. Sasa mgeni anakuja na vifaa vyake kwenye begi. Kijana wa mjini anaingia, anaishika fimbo, anaipiga picha, anatafuta bei kwenye simu akiwa bado amesimama kaunta, anaondoka. Nilimshuhudia mmoja. Mzee alimfungulia mlango kwa heshima zote.

Mwenye jengo anataka kodi ya miezi sita mbele, na majengo mawili jirani yameshavunjwa kupisha maghorofa.

Haya si ya Kisutu peke yake. Huko kwenyewe kunakotoka uvuvi huu maduka yanafungwa. Orvis ya Marekani, kampuni ya vifaa vya uvuvi wa nzi iliyoanza Vermont mwaka 1856, mwaka 2025 ilitangaza kufunga zaidi ya maduka 30. Watengenezaji wanauza moja kwa moja kwa mvuvi, na Uingereza hata samaki wenyewe wamepungua mpaka samoni wa Atlantiki wa huko akaingizwa mwaka 2023 kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Farlows, duka la uvuvi la London, ipo tangu 1840, lakini London ina wateja wa kuiweka hai. Mzee wa Kisutu ana mimi na wengine wachache. Duka la aina hii likifungwa Uingereza, mvuvi anaendesha gari mpaka la mji wa pili. Likifungwa hili, sijui pengine pa kwenda, na mishipi inayouzwa kwa picha haitauliza kama maji yako ni ya moto.

Kasoro zake nazisema, maana ni za kweli. Bidhaa ni chache mno. Hakuna bei iliyobandikwa. Ndoana kadhaa kwenye droo ya chini zimeshika kutu, na alinionyesha mwenyewe nisizichukue. Hapokei kadi, ila simu anapokea. Ijumaa anafunga saa sita na hujui atarudi saa ngapi. Ukihitaji fimbo mpya namba 10 kwenda juu kwa ajili ya jodari au mbasi, hatakusaidia.

Kwa mshipi, mafundo, kuosha rili na ushauri wa maji yetu, nampa tano kwa tano. Kariakoo naipa nne kwa vifaa vya mshipi wa mkono, na sifuri kwa vya nzi. Duka la mtandaoni naliacha na mbili, kwa kuwa mzigo angalau ulifika.

Mlango unafunguliwa saa tatu asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi. Mshipi namba 8 wa nchi za joto ulikuwa bado upo wiki iliyopita, kwenye kabati la kioo upande wa kushoto. Nenda na rili yako mkononi, la sivyo atakurudisha ukailete.