Miaka kumi na moja nje ya Archives, saa mbili ndani

Nairobi ukimwambia mtu "tupatane Archives", yaani kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, haji kusoma nyaraka. Anakuja kusimama nje, achungulie simu, akulaumu kwa kuchelewa, kisha mwende zenu. Mimi nimesubiri watu pale miaka kumi na moja, na ndani sikuwahi kutia mguu hadi mwezi uliopita, Mjomba alipokuja kutoka Lamu kwa ajili ya kliniki ya macho. Mjomba ni mchonga milango. Tulikuwa na siku nzima kabla ya miadi, na yeye si mtu wa kushinda mbele ya runinga. Nikamuuliza angependa kuona nini mjini.

"Kazi za mikono," akasema. "Magorofa nimeshayaona nikiwa ndani ya basi."

Basi nawaandikia wenye wageni wa aina hiyo.

Kwanza habari ya mwenye vitu tulivyokwenda kuviona, maana ukimjua yeye safari nzima inakaa sawa. Joseph Murumbi, baba Mgoa, mama Mmaasai, alikuwa makamu wa rais wa pili wa Kenya. Mwaka 1966 aliingia na mwaka huohuo akajiuzulu. Maisha yake mengine aliyatumia kukusanya: vitabu, stempu, vinyago, vitambaa, mapambo, kutoka pembe zote za Afrika. Nyumba yake ya Muthaiga aliiuzia serikali, naye akitumaini itakuwa kituo cha masomo ya Afrika. Ikaishia kubomolewa. Ndiyo maana leo ukitaka kumwona Murumbi lazima utembee: vingine viko Archives, vingine Nairobi Gallery, na yeye mwenyewe amelala City Park.

Ghorofa ya chini ya Archives ndipo tulipomalizia asubuhi. Jengo lenyewe ni la 1906, lilikuwa benki, na bado lina ule ubaridi wa benki za zamani. Kelele za makanga unaziacha mlangoni. Nilidhani tutazunguka dakika ishirini. Mjomba alisimama kwenye kigoda kimoja cha miguu mitatu mpaka nikatafuta mahali pa kuegemea. Kimetolewa kwenye gogo moja, hakuna msumari, hakuna ulimi wala tundu. Akainama, akaweka mikono nyuma kama mtoto aliyekatazwa kushika, akazunguka upande wa pili, akainama tena.

"Mjomba, tuendelee?"

"Mpwa wangu, ngoja. Huyu alianza na miguu. Angeanza na kiti, mguu huu ungepasuka."

Mimi ningepita nikaona kigoda. Vinyago vya Afrika Magharibi vilimvutia kidogo tu, shanga hata kidogo, na ngao alizipita kama mtu anayepita duka la viatu. Kila mtu na jicho lake. Tulitoka baada ya saa mbili. Nendeni siku ya kazi, asubuhi, maana hii ni ofisi ya serikali, na ofisi hufungwa.

Nje, hatua chache tu, ipo sanamu ya Tom Mboya, yule waziri, iliyozinduliwa Oktoba 2011 kwenye barabara ileile alikopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Miguuni pake kuna heroe. Mimi hao ndege huona wamezidi, kama mtu aliyeongezewa mapambo na kamati. Mjomba hakukubaliana nami: akasema mtu aliyesafirisha vijana kwa ndege kwenda kusoma Marekani, ndege hawamkoseshi adabu.

Pale steji ya Ambassadeur tukakwama tena. Kulikuwa na nganya, yaani matatu iliyorembwa, imeegeshwa, ubavu mzima umechorwa uso wa mwanamuziki, rangi ya kupuliza, na jasho la paji la uso linang'aa kama limetoka sasa hivi. Mjomba akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa bodi. Kondakta akamwita, "Mzee, unabebwa?" Akajibu, "Hapana, baba, naangalia jasho." Kondakta alicheka, kisha akaja kumwonyesha upande wa pili, kwa fahari kama aliyechora yeye. Mwaka 2004, sheria za matatu za waziri Michuki ziliposhika, michoro hii ilifutwa ukabaki mstari wa njano. Kurudi kwake ni katika mambo machache ya mji huu ninayoyashukuru hata nikiwa nimechelewa kazini.

Dedan Kimathi, yule wa Mau Mau, tulimpata peke yake kwenye mtaa wake, bunduki mkono mmoja, kisu mkono mwingine. Kazi ya Kevin Oduor, iliyozinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili tangu anyongwe. Mjomba akauliza swali la fundi: "Hii imechongwa?" Nikamwambia ni shaba nyeusi, huyeyushwa ikamwagwa kwenye kalibu. Akanyamaza. Fundi wa mti akikosea amekosea. Wa kumwaga anafinyanga kwanza, anarekebisha mpaka aridhike. Tangu hapo kila sanamu ilikuwa "ya kuchonga" au "ya kumwaga", na nilijua ipi ina heshima zaidi.

Wale watu watatu wa sanamu ya Kenyatta Avenue ni wa kumwaga, lakini aliwasamehe kwa sababu ya maandishi. Yapo kwa Kiswahili pia, na yanawataja wachukuzi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 kuwa miguu na mikono ya jeshi. Nikamweleza kwamba jina la soko la Kariokor limetokana na hao wachukuzi, Carrier Corps kwa matamshi yetu. Hakuwa anajua, na mimi ninayenunua vikapu Kariokor nililijua ukubwani.

Jambo moja la kuudhi: katika jengo moja, nisilolitaja, kuna mchongo ukumbini unaoonekana kutoka barabarani. Nilipotoa simu, bawabu akaja mbio kana kwamba nimetoa bomu. Ombeni ruhusa kwanza, na barabarani simu ikae mfukoni, kwa sababu nyingine mnayoijua.

Nairobi Gallery iko kwenye jengo la 1913, jirani na Nyayo House. Vyumba vidogo, vimetulia, na huko ndiko utakuta mkusanyo wa Murumbi umepangwa kama nyumba ya mtu. Mgeni asiyetaka kutembea mpelekeni hapo tu. Sisi tulikuwa tumechoka, sitajifanya niliangalia kila kitu.

City Park tulifika alasiri. Kima walitunyang'anya njugu karanga kabla hatujakaa. Kaburi la Murumbi na mkewe Sheila liko kwenye bustani iliyofunguliwa 2009, karibu na alipozikwa rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyeuawa Februari 1965. Pembeni zimesimama kazi za wachongaji aliowapenda, Francis Nnaggenda wa Uganda na Elkana Ong'esa wa Kisii wakiwemo. Kivuli kilikuwa kizito, na Mjomba ana mtoto wa jicho, kwa hiyo kuona hakuona vizuri. Akaweka kiganja kwenye jiwe, akakishusha polepole, akasimama mahali pamoja na kurudi juu kidogo.

"Hapa patasi iliteleza," akasema. "Na mwenyewe akaacha."

Nikaweka kidole. Palikuwa na mkwaruzo mwembamba, kama ukucha, ambao jicho langu zima halikuuona.

Njiani nikamuuliza, akishatolewa mtoto wa jicho, angependa nimrudishe wapi. Akasema Archives, kwenye kigoda. Alama za upande wa chini hakuzipata sawasawa.