Sakafu Zinazoning'inia: Uchambuzi wa Jengo la HSBC, Hong Kong

Karibuni tena, watazamaji wangu wapenzi. Leo tunalichambua jengo la makao ya benki ya HSBC mjini Hong Kong, lililosanifiwa na Norman Foster na kukamilika mwaka 1985. Urefu wake mnaujua. Mimi nimewasha kamera kwa ajili ya sakafu zake.

Tazameni hapa mezani. Nimesimamisha fito mbili, juu yake nimelaza ufito wa tatu, na katikati nimefunga nyuzi zilizobeba vipande vitatu vya kadibodi, kimoja chini ya kingine. Nikibonyeza kipande cha chini kabisa, nyuzi zinakazika, ufito wa juu unapinda kidogo, na uzito wote unateremkia mezani kupitia fito za pembeni. Sasa tazameni mkono wangu: unapita chini ya kadibodi bila kugusa kitu!

Jengo lenyewe ndivyo lilivyo. Milingoti minane ya chuma, kila mmoja ukiwa na nguzo nne za mviringo zilizoungwa pamoja, imebeba kenchi kubwa katika ngazi tano, na sakafu zimetundikwa kwenye kenchi hizo kama nguo kwenye henga. Foster aliuchagua mfumo huu kwa sababu muda ulikuwa mfupi, naye alitaka ujenzi uende juu na chini ya ardhi kwa wakati mmoja.

Awali niliona ni ubadhirifu kuagiza chuma kutoka Uingereza na vyumba vya vyoo kutoka Japani vikiwa vimekamilika, na bei ya jengo ilikuwa kubwa mno kwa zama zake. Nimebadili mawazo, kwani katikati ya mji uliobanana vile hapana nafasi ya kurundika mchanga na kokoto. Mnara jirani wa Benki ya China, kazi ya I. M. Pei, unalipita kwa urefu, lakini moyo wangu umebaki hapa. Juma lijalo nitachambua jengo la Lloyd's la London, lenye mabomba nje, basi msikose.

Kwa kuwa chini hapana nguzo katikati, umma hupita huru chini ya benki, na kila Jumapili wafanyakazi wa nyumbani kutoka Ufilipino hutandika maboksi pale, wakila na kuzungumza kivulini, huku ghorofa zote zikining'inia juu ya vichwa vyao.