Michelin Pilot Sport 4 kwenye Altezza: barabara ya Segera wiki nzima, koni mara mojamoja

Nianze na jibu kabisa kwa wenye haraka. Kama gari lako ni hilohilo la kwenda kazini, la harusi Korogwe na la kukimbizia kwenye koni (mashindano ya kuzunguka koni kwa saa) siku moja moja, chukua tairi la barabara la daraja la juu, hizi semisliki, yani tairi za nusu mbio, waachie wenye seti ya pili ya rimu na pikapu ya kuzibebea. Mimi nimefunga Pilot Sport 4 saizi 215/45R17 kwenye Toyota Altezza RS200 na sijutii, ila kuna vitu inabidi uvijue kabla hujatoa hela maana sio hela ndogo.

Nilikuwa nazipima tatu: hii, Yokohama Advan Neova AD08R na Toyo Proxes R888R. Ukisoma ubavuni kuna namba ya treadwear, yani makadirio ya tairi litakavyoisha, namba kubwa linakaa, namba ndogo ni laini linashika lami ila linakwisha mapema. R888R ni 100, Neova 180, hii 320. Sasa kila kiwanda kinajipimia chenyewe kwa hiyo usiifanye msahafu, lakini kwa picha ya jumla inasaidia.

Kilichoniamulia mimi ni maji. Ukitoka Pongwe kuelekea Muheza mpaka Hale, kuna sehemu lami imebonyea kwa uzito wa malori na masika ikichanganya maji yanatuama kwenye zile njia mbili za tairi, ndo hapohapo na wewe unapita. Semisliki kama R888R ina mifereji michache kwasababu imetengenezwa kwa ajili ya uwanja mkavu, maji yakizidi hayana pa kutokea, tairi linapanda juu ya maji na usukani unakuwa mwepesi ghafla kama umekamata sahani. Pilot Sport 4 ina mifereji mipana ya kuzunguka na mvua ya Muheza naiendea na moyo wangu, ingawa hata hizi ukikuta dimbwi la ukweli unapunguza mwendo tu, tairi sio mtumbwi. Afu semisliki inaokota kokoto, ukipita ukarabati wa barabara unasikia zinavyopiga chini ya madigadi mpaka roho inauma.

Kavu sasa. Usukani unajibu fasta, gari halisitisiti kuingia kona, na breki ya ghafla (mbuzi wa Kabuku mnawajua wote mnaopita njia ya Chalinze) inashika gari likiwa limenyooka. Kelele ipo ndogo, kawaida. Ugumu wa kupita kwenye matuta upo, hiyo ni 45, yani ubavu ni asilimia 45 tu ya upana wa tairi, usitegemee kuelea.

Kwenye koni ndo penye maneno mengi. Sakiti ya lami hapa kwetu hakuna, mnafunga eneo, mnapanga koni, anakimbia mmoja mmoja kwa saa. Raundi za mwanzo tairi lolote la barabara linakuwa tamu, afu linachemka, mpira unalainika kupitiliza, mbele gari linaanza kusukuma nje ya kona na bega la tairi (pale juu panapokutana na ubavu) linalika kama limepigwa msasa. Hapo tairi la mbio lingeendelea kushika, kweli, wenye semisliki walikuwa wananiacha mwishoni. Dawa ni kukimbia raundi chache, kutoka, kuzunguka taratibu lipoe, ndo unarudi. Ukitaka kukaza tu mfululizo utaliua siku moja.

Na upepo jamani, watu hawapimi upepo. Tairi likichemka upepo unapanda, psi (kipimo cha upepo) 4 mpaka 6 ni kawaida kabisa, kwa hiyo ukianza na zile za kwenye kibandiko cha mlango ukimaliza raundi umepitiliza. Punguza kidogo kabla, kimbia, pima likiwa bado la moto, rekebisha tena, na usiku kabla ya kurudi barabarani jaza upya. Chukua chaki chora mstari kutoka ubavuni mpaka juu ya bega, ukitoka uone umefutika mpaka wapi, ukifutika mpaka ubavuni tairi linalala sana, ongeza. Ni njia ya kizamani lakini inaongea ukweli kuliko kubishana. Naitrojeni wanayokuuzia ruka tu, hewa ya kawaida ni naitrojeni asilimia 78 tayari. Hiyo hela weka kwenye mafuta mapya ya breki, maana tairi linaloshika vizuri linaichosha breki zaidi na mafuta ya breki yaliyozeeka yanachemka pedali inazama.

Kununua: mitumba ya Japani ipo na utaona Neova ina meno mazuri, bei ya kuvutia, muuzaji anakwambia "kaka hii haijatembea". Angalia tarehe. Baada ya DOT kuna namba nne za mwisho, 2316 ni wiki ya 23 mwaka 2016, na mpira laini ukishazeeka au ukishachemshwa mara nyingi unakuwa mgumu hata kama meno yamejaa. Bonyeza na kucha, likigoma kama plastiki achana nalo, heri la kawaida la mwaka jana kuliko la mbio la miaka nane.

Kufunga tafuta fundi mwenye mashine, Ngamiani hapa Tanga wapo, 45 ukiifungua kwa mitarimbo unachana ukingo wa tairi na kukwaruza rimu. Mwambie aisugue midomo ya rimu kwa brashi ya waya kwanza, chumvi ya huku pwani inakula aluminiamu na upepo unavuja taratibu usijue unapotokea. Pilot Sport 4 ina upande, neno OUTSIDE lazima liangalie nje, msimamie, nimeona gari mjini linatembea limegeuzwa na mwenyewe anashangaa mvua ikinyesha. Ukimaliza balansi na alaimenti siku hiyohiyo, na kama unakimbia koni mwambie akupe kemba hasi kidogo mbele, yani tairi liegemee ndani kwa juu, itaokoa mabega.

Bei ikikushinda kwenye 17 wala usilazimishe, shuka rimu ya 16 kama breki zako zinaingia, 205/55R16 ina chaguo nyingi na bei inapumua, ubavu mnene unavumilia mashimo, utapoteza ukali kidogo wa usukani basi.