Spirulina, mafuta ya mwani na kelpu kwa uchovu na maumivu ya viungo: kipi kinastahili hela ya mtu wa Kigoma

Spirulina ni bakteria wa majini wa kijani-bluu, anayekaushwa na kuuzwa kama unga au vidonge. Kichupa cha vidonge 60 vya spirulina, kila kidonge miligramu 500, kina gramu 30 tu. Piga hesabu hiyo kabla ya kulipa, hasa ukiambiwa ni dozi ya mwezi. Tafiti nyingi za spirulina zilitumia kati ya gramu 1 na 8 kwa siku. Kwa gramu 3 utameza vidonge sita kila siku, na kichupa kitaisha siku ya kumi. Ukimeza viwili kwa siku kitafika mwezi kweli, lakini utakuwa kwenye kiwango cha chini kabisa. Unapolinganisha bidhaa, gawanya bei kwa gramu, usiangalie idadi ya vidonge. Mara nyingi unga ndio unaotoka nafuu.

Tuanze na uchovu, maana ndio unaowapeleka wengi dukani. Hapa spirulina haifai kuwa chaguo la kwanza. Gramu 100 za unga mkavu zina takriban miligramu 28 za madini chuma, hivyo gramu 3 zinakupa chini ya miligramu moja. Kidonge cha madini chuma anachopewa mjamzito kliniki kina kama miligramu 60. Kufikia kiasi hicho kwa spirulina ungehitaji zaidi ya gramu 200 za unga, yaani vichupa saba kwa siku moja. Vitamini B12 inayotangazwa kwenye lebo nayo sehemu kubwa ni ya aina ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Mwaka 2007 huko Romania, wagonjwa wanne wenye uchovu wa muda mrefu usiojulikana chanzo walipewa gramu 3 kwa siku, na haikuwasaidia kuliko vidonge visivyo na dawa. Watu wanne ni wachache sana, lakini tangazo linaloahidi nguvu ndani ya wiki halina msingi.

Anayechoka kila siku apime kwanza wingi wa damu, malaria, sukari, na choo kwa ajili ya minyoo ya safura na kichocho. Kwa mwanamke asiye mjamzito, damu (himoglobini) iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita ni pungufu. Kwa mwanamume, chini ya 13. Hapo inatakiwa dawa ya madini chuma na kutibu chanzo, na chai isinyweke pamoja na chakula kwa sababu huzuia madini hayo yasifyonzwe. Kwa anayekula ugali wa muhogo kila siku, dagaa wakavu wa Kibirizi, mwalo wa Kigoma, wana faida kubwa kuliko kichupa hicho: zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, B12 yao ni halisi, na wanaliwa kwa vikombe, si kwa gramu tatu.

Kwenye uvimbe na maumivu ya viungo, hoja ya spirulina ina uzito kidogo. Rangi yake ya bluu, fikosayanini, imeonekana maabara kuzuia baadhi ya kemikali za mwili zinazoamsha uvimbe. Kwa binadamu matokeo ni madogo na hayalingani: vipimo vya uvimbe kwenye damu hushuka katika baadhi ya tafiti, katika nyingine havibadiliki. Ukitaka kujaribu, anza na gramu 1 pamoja na chakula kwa wiki moja, kisha panda hadi 3. Gesi, kuharisha na kichwa kuuma hutokea zaidi kwa anayeanza na dozi kubwa. Ipe wiki 8 hadi 12. Kama goti liko vilevile, acha.

Rangi hiyo huharibiwa na joto, kwa hiyo usiumimine unga kwenye uji unaotokota. Acha uji upoe hadi uweze kunyweka, ndipo ukoroge kijiko cha chai, au changanya na maziwa mgando. Masika unga hushika unyevu haraka: kopo lifungwe vizuri, liwekwe gizani, na kijiko kiwe kikavu. Unga mzuri ni kijani iliyokolea yenye ubluu. Ukigeuka kahawia au njano umechakaa. Weka chembe kwenye glasi ya maji safi usiku kucha: maji yakichukua ubluu, fikosayanini bado ipo. Jaribio hili halionyeshi madini yenye sumu ya risasi na aseniki, wala sumu inayodhuru ini inayotoka kwa bakteria wengine wa majini, kwa hiyo mwombe muuzaji cheti cha maabara chenye namba ya toleo ileile iliyo kwenye kopo. Unga wa kupimiwa kwenye mfuko usio na lebo usiununue. Na utando wa kijani unaoelea ufukweni si spirulina. Usiukaushe wala kuula.

Mafuta ya mwani ni bidhaa tofauti kabisa, na kwa uvimbe tunayapa alama za juu kuliko unga, kwa sababu yana omega-3, mafuta yaleyale ya samaki. Soma kiasi cha EPA na DHA, aina mbili za omega-3 hizo, si uzito wa kidonge. Wenye baridi yabisi waliofaidika na omega-3 walitumia takriban gramu 2 hadi 3 za hizo mbili kwa siku, wakati kidonge kimoja mara nyingi hakifiki nusu gramu. Gharama hiyo inamfaa asiyekula samaki kabisa. Anayepata migebuka freshi mara kadhaa kwa wiki hana haraka nayo.

Vidonge vya kelpu, mwani mkubwa wa kahawia wa baharini, hatuvipendekezi. Vina madini joto kwa viwango visivyotabirika, na anayetumia chumvi yenye madini joto akiongeza kelpu anaweza kuvuruga tezi ya shingo.

Mwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, au anayemeza dawa za kushusha kinga, asiguse spirulina bila daktari wake. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aulize kwanza, hasa kwa klorela, mwani mwingine wa kijani, ambayo ina vitamini K nyingi, inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Mjamzito aendelee na vidonge vyake vya kliniki.