RHS-15: fomu nzuri ya kupima msongo wa wakimbizi, mradi kuna wa kumpokea mtu

Mkimbizi anayefika Marekani hupimwa kifua kikuu, huangaliwa kadi yake ya chanjo, na anaweza kuondoka kliniki bila kuulizwa kama analala usiku. Refugee Health Screener-15 (RHS-15), fomu ya maswali 15, ilitengenezwa Seattle kuziba pengo hilo, chini ya ubia wa Pathways to Wellness uliounganisha idara ya afya ya umma, mashirika yanayohudumia wakimbizi na watafiti. Kazi ya wanajamii waliopitia tafsiri inaonekana kwenye maswali yenyewe.

Swali la kwanza ni maumivu ya misuli, mifupa na viungo. Jingine linauliza kuhusu kuwaza kupita kiasi. Hapo ndipo ubora wake ulipo: mtu atakayekana katakata kuwa na ugonjwa wa akili atakueleza bila shida kwamba mawazo hayamwachi na mgongo unamuuma. Majibu huenda kutoka 0 hadi 4, na picha za chombo kitupu hadi kilichojaa humsaidia asiyesoma.

Fomu ni ya kuanzia miaka 14, na maswali yake ya dalili yanahusu mwezi mmoja uliopita. Jumlisha maswali ya 1 hadi 14; alama 12 au zaidi zinatosha kumpa mtu rufaa. Swali la 15 ni kipimo cha dhiki kilichochorwa kama kipimajoto, 0 hadi 10, na 5 au zaidi hapo peke yake inatosha kwa rufaa. Usiliongeze kwenye jumla. Kosa hilo humwonyesha mtu kuwa na dalili nyingi kuliko alizo nazo.

Inapoharibika, mara nyingi si kosa la karatasi. Mke anasomewa maswali mumewe akiwa pembeni, au mtoto ndiye mkalimani. Hapo sifuri zitajipanga kutoka juu hadi chini. Wengine huogopa kwamba majibu yatafika kwa wanaoshughulikia hati zao za ukaazi, kwa hiyo mwelezeni mtu kabla ya swali la kwanza nani ataiona fomu na nani hataiona. Pia haina swali la kujiua. Anayegusia kifo aulizwe waziwazi siku hiyo hiyo, hata kama alama zake ni ndogo.

Baada ya alama ndipo ubia wa kliniki na mashirika unapopimwa kweli. Barua ya miadi ikienda kwa Kiingereza, au simu ikipigwa kwa namba asiyoijua, mgonjwa haji, na kliniki itaandika kwamba amekataa huduma. Ubia unaofanya kazi una mhudumu wa jamii anayezungumza lugha yake, anayempigia mwenyewe, anayepanga usafiri na kumsindikiza mara ya kwanza. Makubaliano yaandikwe: nani anapokea rufaa, ndani ya siku ngapi, nani analipia mkalimani, na nani anairudishia kliniki taarifa, kwa ridhaa ya mgonjwa. Kliniki ambayo haina pa kumpeleka mtu isubiri kwanza. Kumfungua mtu kidonda kisha kumwacha hivyo ni kumuumiza.

Kwa sehemu zenye foleni ndefu ipo RHS-13, inayobaki na maswali 13 ya dalili tu. Kiwango chake cha rufaa ni 11, kwa hiyo msitumie karatasi moja na mwongozo wa alama wa nyingine.